Kilemba cha ukoka katika vitabu vya hesabu

Mtu akisifiwa kwa sifa zisizo zake, husemwa amevikwa kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani tu. Ukisokotwa vizuri asubuhi waweza kupendeza kichwani, lakini jua likipanda hunyauka, na kila aliyepo sokoni akaona kichwa ki wazi. Leo nataka kuutumia msemo huu kueleza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahasibu, ingawa haliwahusu wao peke yao. Nalo ni hili: kampuni kubwa yaweza kununua biashara ng'ambo kwa bei ya juu, biashara hiyo ikaporomoka, na bado vitabu vya hesabu vikaendelea kwa miaka mingi kuonyesha kwamba kilemba kingali kipya.

Kilichonichochea ni swali la mwanafunzi wangu mmoja anayesomea biashara pamoja na Kiswahili. Alikuwa akitafsiri taarifa ya mwaka ya kampuni fulani, na kila alipokutana na lile neno la Kiingereza ambalo wafanyabiashara wetu hulitamka "gudwili", aliandika "nia njema". Basi tafsiri yake ikasomeka kwamba kampuni imepata hasara kwa kuwa nia njema yake ng'ambo imedhoofika. Ungedhani wakurugenzi wamegombana na majirani. Nilimwambia kwamba ametafsiri maneno akaliacha jambo lenyewe.

Neno tunalolihitaji tunalo. Hapo zamani mwanagenzi aliyehitimu alimpa fundi wake kilemba kama shukrani, na katika arusi kilemba kilikuwa miongoni mwa haki walizopewa wazee wa upande wa mwanamke. Baadaye wafanyabiashara walilichukua neno hilo wakalipa maana nyingine: fedha anazotoa mtu ili akabidhiwe duka ambalo limekwisha kupata wateja na jina, mbali na kodi na mbali na bei ya bidhaa zilizomo. Hicho ndicho kitu ambacho wahasibu hukiandika katika vitabu vyao. Kwa hiyo katika makala haya nitakiita kilemba.

Hebu tuchukue mfano wa karibu. Mwalimu mstaafu ana duka la vitabu mkabala na shule ya sekondari. Ukihesabu vitabu, rafu, meza na akiba yake ya benki, kisha ukatoa madeni, unapata shilingi milioni 2. Mnunuzi anakuja na kulinunua kwa milioni 3. Je, ile milioni moja ya ziada amenunulia nini? Amenunua mazoea ya wazazi kuingia pale kila muhula, jina jema la mwalimu na matumaini ya faida ya kesho. Hiyo milioni ni kilemba, na katika vitabu vya mnunuzi huandikwa kuwa mali, sawa na rafu na meza.

Tuseme miaka miwili baadaye shule inahamishiwa mtaa mwingine. Rafu zipo, meza ipo, lakini wazazi hawapiti tena. Ile milioni moja imo bado vitabuni, ila haina tena kitu cha kuisimamia. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu nambari 36, ambayo kampuni za Kenya nazo huifuata, kwa kuwa nchi yetu ilizipokea kanuni za kimataifa mwaka 1999, inamtaka mwenye duka akipime kilemba chake angalau mara moja kila mwaka. Huulizwa maswali mawili. Je, biashara hii ikiuzwa leo, baada ya gharama za kuiuza, italeta kiasi gani? Na ikiendelea kufanya kazi, fedha itakazoingiza miaka ijayo zina thamani gani leo? Huchukuliwa jibu lililo kubwa kati ya hayo mawili. Likiwa dogo kuliko thamani iliyoandikwa vitabuni, kilemba hupunguzwa, na kiasi kilichopunguzwa hutangazwa kuwa hasara. Tena kikishapunguzwa hakirudishwi, hata kama shule itarejea mahali pake.

Kanuni hii ni nzuri, wala sina ugomvi na shabaha yake. Lakini mtu aliyezoea kuchambua lugha hawezi kukosa kuona kwamba swali lile la pili limejengwa juu ya kiambishi kimoja, -ta-. Tutauza, tutakua, tutapata. Anayeulizwa swali hilo ni yule yule meneja aliyeinunua biashara hiyo, na aghalabu cheo chake kinategemea jibu. Ni kama kumtaka mwanafunzi ausahihishe mtihani wake mwenyewe, kisha mkaguzi apite kuangalia iwapo alama zina mantiki.

Kuna pia shida ya pili, nayo ni kubwa zaidi: kinachopimwa ni kitu gani? Kanuni haisemi kwamba kila kampuni iliyonunuliwa ipimwe peke yake. Inasema kipimwe kitengo, na kitengo chaweza kuwa biashara moja au kundi la biashara. Mwalimu yeyote anaujua mchezo huu. Ukiwa na mikondo minne ya kidato cha nne, mmoja ukaanguka vibaya katika mtihani wa taifa, wastani wa shule waweza kubaki wa kuridhisha maadamu mikondo mitatu imefaulu. Ubaoni huandikwa wastani wa shule. Wanafunzi wa mkondo ule ulioanguka hawaonekani, lakini wapo.

Sitaki kuzungumza kwa mifano ya kubuni tu. Kisa kinachofundisha mambo haya vizuri kuliko vyote nivijuavyo ni cha kampuni ya Kijapani ya Toshiba na tawi lake la Marekani, Westinghouse.

Mwaka 2006 Toshiba iliongoza ununuzi wa Westinghouse, kampuni ya vinu vya nyuklia iliyokuwa mikononi mwa shirika la serikali ya Uingereza, BNFL. Bei ilikuwa dola bilioni 5.4, na Toshiba ilichukua asilimia 77. Sehemu kubwa ya bei hiyo ilikuwa kilemba: ujuzi wa wahandisi, jina la kale, na matumaini kwamba dunia ingejenga vinu vingi vipya. Miaka miwili baadaye Westinghouse ilipata mikataba ya vinu vinne vya aina ya AP1000 nchini Marekani, viwili katika jimbo la Georgia na viwili South Carolina. Wakati ule kilemba kilionekana kuwa cha hariri.

Kisha, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ardhi na mawimbi ya tsunami yaliipiga Japani na kuharibu vinu vya Fukushima. Nchi kadhaa zilirudi nyuma katika mipango yao ya nyuklia. Ujenzi kule Marekani nao ulianza kuchelewa na kuzidi gharama. Mtu wa kawaida angetarajia kuona kilemba kikipunguzwa haraka.

Kwa hakika kilipunguzwa, lakini mahali ambapo wengi hawakupaona. Katika vitabu vyake yenyewe, Westinghouse ilikiri kwamba thamani yake imeshuka kwa jumla ya karibu dola bilioni 1.3 katika hesabu za miaka ya fedha ya 2012 na 2013. Hata hivyo katika vitabu vya mzazi wake kule Tokyo hasara hiyo haikujitokeza. Maelezo ya Toshiba yalikuwa kwamba yenyewe huipima biashara yake ya nyuklia kwa ujumla, na kwa ujumla ilikuwa salama. Umma ulikuja kuyajua haya Novemba 2015, baada ya jarida la Nikkei Business kuyaandika. Mtoto alikuwa amelazwa hospitalini, na baba alikuwa akiwaambia majirani kwamba familia, kwa wastani, ina afya njema.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Kupima vitengo kwa pamoja si kosa la jinai. Biashara ya nyuklia huwa na sehemu zinazoleta faida, kama vile kuuza nishati ya kuendeshea vinu vya zamani na kuvitunza, na kuna hoja za kweli za kuviangalia vitu hivyo pamoja. Ninacholalamikia ni ukimya. Msomaji wa taarifa alipewa wastani wa shule, akanyimwa habari ya mkondo ulioanguka, ilhali mwenye shule alikuwa nayo mezani.

Mwaka huo huo wa 2015 ndio uliofichua hali ya ndani ya kampuni. Mwezi Julai jopo huru la uchunguzi lilieleza kwamba faida ya Toshiba ilikuwa imetiwa chumvi kwa takriban yeni bilioni 151.8 katika muda wa miaka kadhaa. Rais wa kampuni, Hisao Tanaka, alijiuzulu pamoja na wakubwa wengine. Katika ripoti ile kuna neno moja lililonivutia sana kama mtu wa lugha. Wakubwa walipowapa wasimamizi wa idara malengo ya faida yasiyowezekana, hawakuyaita amri. Waliyaita "changamoto", kwa neno walilolikopa kutoka Kiingereza. Changamoto ni neno zuri. Humtia mtu moyo. Lakini mdogo anapoambiwa na mkubwa katika siku za mwisho za robo ya mwaka kwamba ana changamoto ya mabilioni ya yeni, naye anajua kwamba bidhaa hazipo za kuuza, kinachobaki cha kubadilisha ni maandishi.

Aprili 2016 Toshiba ilikubali hatimaye kupunguza kilemba cha biashara ya nyuklia kwa takriban yeni bilioni 260. Wengi walidhani msiba umekwisha. Kumbe jeneza la pili lilikuwa njiani.

Mwishoni mwa mwaka 2015 Westinghouse ilikuwa imeinunua kampuni ya ujenzi ya Stone & Webster, iliyokuwa ikishirikiana nayo katika vile vinu vinne, ili kumaliza mizozo ya nani alipe gharama za ucheleweshaji. Siku ya makabidhiano bei ilikuwa sifuri. Kilemba kilikadiriwa kuwa dola milioni 87. Msomaji atauliza: bei ikiwa sifuri, kilemba kinatoka wapi? Kinatoka katika madeni. Ukipokea duka bure, lakini ndani yake mna madeni makubwa kuliko bidhaa, umelipa kwa kuyabeba madeni hayo, na tofauti huandikwa kuwa kilemba. Basi wahandisi walipokaa chini kuhesabu upya gharama za kumaliza vinu, madeni yalivimba, na kilemba kikavimba nayo. Tarehe 27 Desemba 2016 Toshiba ilitangaza kwamba kingeweza kufikia mabilioni ya dola. Katika siku tatu hisa zake zilipoteza zaidi ya theluthi moja ya bei. Februari 2017 kampuni ilikadiria hasara ya kukifuta kilemba hicho kuwa yeni bilioni 712.5, yapata dola bilioni 6.3. Kutoka milioni 87 hadi bilioni 6.3 katika muda wa mwaka mmoja na ushei!

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Tarehe 29 Machi 2017 Westinghouse iliomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake. Mwezi Aprili Toshiba ilichapisha hesabu za robo mwaka bila idhini ya wakaguzi wake. Madeni yake yalikuwa yamezidi mali. Ili kuziba pengo, iliiuza biashara yake ya vihifadhi-kumbukumbu vya kompyuta, iliyokuwa ndiyo ng'ombe wake wa maziwa, kwa takriban yeni trilioni 2, mauzo yaliyokamilika mwaka 2018. Tarehe 20 Desemba 2023 hisa zake ziliondolewa katika soko la Tokyo baada ya kuwamo kwa miaka 74.

Kule South Carolina, tarehe 31 Julai 2017, wenye mradi wa vinu viwili waliusimamisha baada ya kutumia takriban dola bilioni 9. Wafanyakazi wapatao 5,000 waliambiwa warudi makwao. Wateja wa umeme, ambao bei yao ilikuwa imepandishwa mara kadhaa ili kugharimia vinu hivyo, walibaki na deni la vinu visivyotoa hata wati moja. Mjane aliyewasha taa moja sebuleni kwake alikuwa akilipia kilemba ambacho hajapata kukisikia.

Na Westinghouse yenyewe haikufa. Iliuzwa mwaka 2018 kwa kampuni ya Brookfield kwa dola bilioni 4.6, na vile vinu viwili vya Georgia vilikamilika, kimoja mwaka 2023 na cha pili 2024. Naitaja habari hii makusudi. Inaonyesha kwamba ujuzi uliokuwa ndani ya jina lile haukuwa uongo mtupu. Kilichokuwa uongo ni ukimya kuhusu bei yake na hatari zake.

Sasa turudi kwenye lugha, kwani hapo ndipo msomaji wa kawaida hupotezwa. Kampuni inapotangaza hasara ya namna hii, aghalabu huongeza sentensi moja ya kututuliza: hii ni hasara ya vitabuni tu, hakuna fedha taslimu iliyotoka. Sentensi hiyo mara nyingi ni kweli, na kwa sababu ni kweli ndiyo maana inapotosha. Fedha hazikutoka leo kwa kuwa zilitoka siku ya ununuzi, au zitatoka kesho madeni yatakapodaiwa. Tangazo la tanzia gazetini haliui mtu. Aliyetajwa amekwisha kufa. Tangazo linatujulisha tu. Kupunguza kilemba ni tangazo la tanzia. Kwa hiyo swali la haki si kwa nini tangazo limetolewa, bali mbona maiti imekaa ndani miaka minne.

Angalia pia sarufi ya taarifa hizi. "Hasara ilitambuliwa." "Thamani ilidhoofika." "Makadirio yalirekebishwa." Kauli ya kutendwa na vitenzi visivyo na mtenda vimejaa tele. Nani aliyekadiria? Nani aliyesadiki? Nani aliyepewa marupurupu kwa kuleta mkataba ule? Sarufi imempa mtenda ruhusa ya kuondoka kimyakimya. Tunawafundisha wanafunzi wetu kubadilisha kauli ya kutenda kuwa ya kutendwa, wakapata alama mbili. Ingefaa pia tuwafundishe kuuliza ni nani anayefaidika mtenda anapotoweka.

Huenda msomaji akasema haya ni ya Wajapani na Wamarekani, yanamhusu nini mwalimu wa Kakamega au Kilifi? Yanamhusu sana. Kampuni zetu nazo zimevuka mipaka. Benki ya Equity ilinunua sehemu kubwa ya benki ya BCDC nchini Congo mwaka 2020, na KCB ikaifuata huko kwa kuinunua TMB mwaka 2022. Sisemi kwamba kuna ubovu wowote katika ununuzi huo. Huenda ukawa wa neema kwetu sote. Ninachosema ni kwamba biashara ya ng'ambo huonekana kwa mbali, na kinachoonekana kwa mbali husomwa katika maandishi. Tangu Januari 2021 walimu walioajiriwa na TSC wamo katika mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ambao wao wenyewe huuchangia kutoka katika mishahara yao. Fedha za pensheni huwekezwa, na sehemu ya vitega uchumi vya mifuko ya pensheni ni hisa. Mwalimu anayesahihisha insha usiku kwa taa hafifu huenda ni mwenye hisa bila kujua.

Wako wanaosema dawa ni kukipunguza kilemba kidogo kidogo kila mwaka, kama tunavyofanya kwa gari au meza, mpaka kiishe. Kanuni za Japani yenyewe hufanya hivyo kwa muda usiozidi miaka 20, ila Toshiba ilikuwa ikifuata kanuni za Marekani. Bodi ya kimataifa ya kanuni za uhasibu iliamua Novemba 2022 kutorudi huko. Nakiri kwamba njia hiyo ina uaminifu wake, kwani haimtegemei meneja na kiambishi chake cha -ta-. Lakini ina kasoro moja: huwachanganya wema na wabaya. Mnunuzi mwerevu na mnunuzi mpumbavu wote wataonyesha kupungua kule kule kwa kila mwaka, na kosa litakwisha polepole bila mtu kuulizwa.

Mimi naona dawa bora ni kusema wazi. Mwezi Machi 2024 bodi hiyo hiyo ilitoa pendekezo la kuzitaka kampuni zieleze, kwa ununuzi mkubwa, zilikuwa na malengo gani siku ya kununua, na katika miaka inayofuata ziseme kama malengo hayo yanafikiwa. Hilo ndilo analolifanya mwalimu mzuri: huandika shabaha ya somo kabla ya kuingia darasani, na baada ya kipindi hujiuliza kama imefikiwa. Lau wasomaji wa taarifa za Toshiba wangaliambiwa mwaka 2013 jinsi Westinghouse peke yake ilivyokuwa, mazungumzo ya mwaka 2015 kuhusu kuongeza mzigo mwingine yangalikuwa tofauti.

Walimu na wanafunzi wapate angalau maswali matatu ya kwenda nayo. Kampuni ikisema biashara yake ya ng'ambo ni salama, uliza: kilichopimwa ni mkondo mmoja au wastani wa shule nzima? Uliza tena: makadirio ya kesho yametolewa na nani, na makadirio yake ya jana yalitimia? Mwisho uliza: hasara hii inayotangazwa leo ilijulikana lini kwa mara ya kwanza, na ndani ya chumba gani?

Yule mwanafunzi wangu alirudi wiki iliyofuata na tafsiri mpya. Aliandika kwamba kampuni imepunguza kilemba cha tawi lake la ng'ambo kwa kuwa biashara haileti tena faida iliyotarajiwa siku ya ununuzi. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ameongeza swali: "Ilitarajiwa na nani?" Nilimpa alama za tafsiri. Swali lake nimelileta kwenu.